Shati la Meneja

Vilikesa Drauna alikuwa amejibanza kwenye kibaraza cha benki mjini Nausori, akiikimbia mvua iliyokuwa ikinyesha kama imelipwa, alipouona muujiza. Mtu mmoja mwembamba, asiye na sura ya kukumbukwa wala viatu vya maana, alipanda ngazi akiwa amevaa shati la bula, yale ya visiwani, lenye maua ya rangi ya machungwa. Kifuani, juu ya mfuko, lilidariziwa jina la kampuni ya mabomba. Mlinzi wa benki, ambaye punde tu alikuwa amemkaripia Vilikesa kwa kosa la kuegemea ukuta, alimfungulia yule mtu mlango, akamwita bosi, na akamshikia mwavuli wake uliokuwa ukichuruzika maji.

"Huyo ni nani?" Vilikesa aliuliza.

"Sijui," alisema mlinzi. "Kwani huoni shati?"

Vilikesa akaliona shati. Ijumaa zote za maisha yake alikuwa ameona mashati ya bula yakitoka maofisini kwa makundi, sare kama kwaya, na siku zote alidhani ni nguo. Sasa alielewa kwamba ni funguo. Mtu mwenye uso mtupu anaulizwa anataka nini. Mtu mwenye jina la kampuni kifuani anaulizwa atakunywa nini.

Na yeye alihitaji kuaminiwa upesi. Suva ilikwishamjua. Lautoka ilikwishamjua na bado ilikuwa inamtafuta. Sigatoka kulikuwa na mama mwenye duka aliyeibandika picha yake ukutani, chini ya bei ya unga. Nausori peke yake ndiyo iliyobaki haijaonja ulimi wake, na hata huko muda ulikuwa haumsubiri, kwa sababu mjomba wake Jiosefa alikuwa amekuja kwa meli kutoka kisiwani Wainibeka.

Katika visiwa vile mpwa ana haki juu ya mjomba wake. Akitamani kuku, kuku ni wake. Akitamani boti, mjomba hutabasamu na kumwonyesha makasia yalipo. Vilikesa aliitumia haki hiyo kwa bidii ya mwanachuo. Alichukua nguruwe, akachukua injini ya boti, na safari moja alichukua hadi mapazia, dirisha likabaki limetoa macho. Mjomba Jiosefa hakuwahi kusema hapana, maana mila haimruhusu. Ila katika miaka yote hiyo ya kutazama mali yake ikitembea, alikuwa ameichunguza mila na kukuta imeacha upenyo mmoja: hakuna mahali inaposema mjomba asimtie mpwa wake kazini.

"Jumamosi ya wiki ijayo meli inarudi," alikuwa amemwambia, kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kofi. "Ukiwa na kazi hapa mjini, nionyeshe kazi. Kama huna, una magimbi. Kilima kizima kinakungoja."

"Kazi ninayo, mjomba."

"Kazi gani?"

"Umeneja."

"Meneja wa nini?"

"Hayo ni mambo ya ndani ya kampuni," alisema Vilikesa, akaficha viganja vyake mgongoni. Vilikuwa viganja laini, vya mtu ambaye jembe huliona kwenye picha, na alivipenda mno.

*

Nyuma ya soko, katika chumba kimoja kilichobanwa baina ya fundi viatu na muuza chupa tupu, Mereoni alikuwa na cherehani ya kushonea, mashine ya kudarizi aliyoinunua ikiwa imechoka, na mtoto wake Sera aliyekuwa amelala ndani ya boksi la vipande vya vitambaa kama yai katika kiota. Mchana alikunja pindo za watu. Jioni alimfunga Sera kifuani akaenda darasani kujifunza biashara, ambako mwalimu alisema kila biashara huanza na mteja wa kwanza. Ndiyo maana, mlango ulipotiwa kivuli na mwanamume mwenye tabasamu pana, Mereoni alinyoosha mgongo.

"Bula, mama mwenye cherehani," alisema Vilikesa.

"Bula, baba mwenye kelele. Mtoto kalala."

Vilikesa akashusha sauti, na sauti yake iliposhuka ikawa tamu zaidi. Akamweleza juu ya kampuni kubwa ya Suva inayoyavika mashati maduka madogo, kila duka na jina lake. Alitaka shati moja tu kwa kuanzia. Mgongoni liandikwe MASHATI YA PASIFIKI. Kifuani, kwa herufi za dhahabu, liandikwe Meneja. Kazi nyingine ingefuata, mabunda kwa mabunda, hadi cherehani iombe likizo.

"Na hili la kwanza unalilipa lini?" aliuliza Mereoni.

Hapo ndipo fundi wa maneno hujulikana. Badala ya kujibu, Vilikesa aliuliza, "Dada, kwenu wapi?"

"Vatudamu."

Vilikesa akajishika kifua kama mtu aliyepigwa mshale wa furaha. "Vatudamu. Wewe wa Vatudamu, nami hapa nakuita mama kwa adabu. Mimi wa Delaniwai."

Kila mtu katika visiwa vile anajua kwamba Vatudamu na Delaniwai ni watani. Miungu yao ya zamani ilikuwa ndugu, wakagombania kasa, na tangu hapo vizazi vyao vina ruhusa ya kutukanana matangani, kufichana viatu kanisani, na kuchukuliana mali mchana kweupe. Anayechukuliwa hucheka. Akinuna, kajifedhehesha yeye na wazee wake wote waliolala makaburini. Ni mila nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba Vilikesa hakuwa wa Delaniwai. Aliwahi kukipita kisiwa hicho mara moja, akiwa melini, anatapika.

Mereoni alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. "Delaniwai. Ndiyo maana una miguu ya kuku."

"Nyie bado mnapika mawe siku za sikukuu?"

"Tunayapika, wa Delaniwai wanakuja kuomba mchuzi wake."

Walicheka hadi Sera akageuka ndani ya boksi lake. Kicheko kilipofika mahali pa kupumulia, Vilikesa akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Basi hilo shati nalichukua, mtani. Mtani hadaiwi."

Kicheko cha Mereoni hakikukatika, kilipungua polepole kama maji ya bomba linalofungwa. Alimtazama mwanawe, akaitazama mashine yake ya kudarizi.

"Haya, mtani," alisema. "Mila ni mila." Akampima shingo, na akaikaza tepu kidogo kuliko ilivyohitajika.

*

Shati lilipokamilika, kampuni nayo ilikuwa imekamilika, kwa sababu haikuwa na kitu kingine. Haikuwa na ofisi, simu wala meza. Lakini Vilikesa alipopita benki, mlinzi yule yule akamwita bosi na kumuuliza kama mvua imemkera. Fundi viatu akamwamkia. Muuza samaki, ambaye hakuwahi kumkopesha mtu hata mkia, akamfungia samaki mzima kwenye gazeti na kusema atalipa akipita tena.

Mjomba Jiosefa alilisogelea shati. Akanyoosha kidole chake kigumu, akazigusa herufi za dhahabu moja baada ya nyingine.

"Limeandikwa meneja," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mama yako angeliona hili." Macho ya mzee yakalowa.

Vilikesa alihisi kitu kikimkwaruza tumboni, kitu kilichofanana sana na aibu. Ila alikuwa hajanywa chai asubuhi ile, akaamua ni njaa.

"Jumamosi nitakuja kukuona kazini," mzee akaendelea. "Nikishaona, nitapanda meli peke yangu na roho nyeupe."

"Karibu sana," alisema Vilikesa, naye moyoni akakamilisha hesabu za safari. Jumamosi angekusanya alichotaka kukusanya, mzee angepanda basi la kwenda bandarini Natovi na roho yake nyeupe, na yeye angekula kona kuelekea Labasa, mji mzuri, uliojaa watu wazuri ambao hawajamjua.

Wateja alikwishawachagua. Kwenye mtaa wa stendi kulikuwa na duka la roti la Mama Praveena, na ng'ambo, likitazamana nalo uso kwa uso, duka la roti la mzee Hardeo. Roti zilikuwa zile zile, chapati ile ile iliyokunjiwa viazi vile vile, pilipili ile ile. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wamechukiana kwa uaminifu ambao ndoa nyingi za mtaa huo hazikuufikia.

"Mama Praveena," alisema Vilikesa, akiwa ameketi, akiwa na chai ya maziwa ambayo hakuiomba bali shati lilimwombea, "mteja akimaliza kula roti yako, anaondoka na nini?"

"Shibe."

"Shibe haina jina. Mtu akishiba huwezi kujua kashibia wapi. Lakini akivaa shati lenye jina lako, akaenda kwenye raga, roti yako iko kwenye raga. Akienda harusini, roti iko harusini. Akienda hospitali kumjulia hali mgonjwa..."

"Roti yangu isitajwe hospitalini," alisema Mama Praveena kwa ukali.

"Hospitali tunaiacha." Akanywa chai. "Mama, unajua watu wa Suva siku hizi hawanunui kitu kwa mtu asiye na shati? Wanaona anabahatisha."

Mama Praveena akavuta kiti karibu. Kwa kidevu tu, bila kutaja jina, akaonyesha ng'ambo. "Na yule?"

"Yupi?"

"Yule."

"Aa. Kampuni yetu ina kanuni. Mtaa mmoja, roti moja. Akija kuomba tutamhurumia, ila shati hapati."

Mama Praveena akamwongezea chai, na safari hii akamletea na kitafunio.

Vilikesa akatoka, akazunguka soko zima ili aonekane anatoka upande mwingine, akaingia kwa mzee Hardeo. Alisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, ila hospitali aliiruka.

"Na yule mwanamke?" aliuliza Hardeo.

"Tutamhurumia tu, mzee wangu."

"Nataka herufi ziwe kubwa kuliko zake."

"Yeye hatakuwa na herufi."

Hardeo alilifikiria hilo, halikumtosha. "Hata hivyo ziwe kubwa kuliko hizo ambazo hatakuwa nazo."

Wote wawili waliahidi kutoa malipo ya awali Jumamosi, wakishaona shati la mfano kwa macho yao. Vilikesa akarudi kwa Mereoni, akachukua kwa utani mashati mengine mawili, moja la Praveena na moja la Hardeo. Mereoni hakubisha. Aliuliza maswali mawili matatu tu, huku amebana pini midomoni.

"Kampuni iko wapi, mtani?"

"Suva."

"Suva wapi?"

"Ghorofani."

"Mm," alisema Mereoni.

*

Jumamosi, Nausori ilijaa watu kama inavyojaa siku zote kunapokuwa na soko na raga kwa pamoja. Vilikesa alifika kwa Mereoni akiwa amechana nywele, shati limepigwa pasi hadi linakata, na nyuma yake mjomba Jiosefa katika msuli wake wa kijivu wa kwendea kanisani, kapu la safari mkononi.

"Hiki ndicho kiwanda chetu kidogo," alimnong'oneza mjomba mlangoni. "Ngoja hapo kidogo, nitoe maagizo."

Ndani kulikuwa na wageni. Mama wawili wa Vatudamu waliokuja sokoni kuuza mihogo walikuwa wameketi kwenye mkeka, visu vyao vya kumenyea kando, wakinywa chai. Mashati mawili ya mfano yalikuwa yamening'inizwa, moja la kijani, jingine la zambarau, mazuri kiasi kwamba Vilikesa mwenyewe alikaribia kuiamini kampuni yake.

"Mtani," alisema Mereoni, "shati lako limekukaa."

"Kazi ya mikono yako."

"Nalitaka."

Vilikesa akacheka. Wale mama wawili wakacheka. Mereoni hakucheka.

"Nalitaka, mtani. Livue."

"Hili?" Vilikesa alilishika kifuani kama mama anayeziba masikio ya mtoto. "Hili si langu, ni la kampuni."

"Mtani hana kampuni," alisema mmoja wa wale mama. "Wifi yangu mtani alimvua hereni siku ya harusi yake, akaenda madhabahuni na sikio moja."

"Na akacheka," alisema wa pili. "Mtazame huyu shingo. Ananuna?"

"Sinuni," alisema Vilikesa, ameuma meno.

"Watu wa Delaniwai siku hizi wananuna. Dunia imeharibika."

Mlangoni mjomba Jiosefa akaweka kapu lake chini. "Samahani, akina mama. Nani wa Delaniwai?"

"Huyu hapa, mtani wetu."

"Delaniwai," alisema mzee taratibu. Ni yeye aliyembeba mama yake Vilikesa mgongoni kwenye mvua hadi zahanati ya Wainibeka, usiku mpwa huyu alipoamua kuzaliwa, na hakuwa amesahau njia.

Vilikesa aliona milango miwili, na yote ikiwa imefungwa kwa nje. Akisema yeye ni wa Wainibeka, basi mashati matatu aliyachukua kwa uongo, na kuchukua kwa uongo kuna jina jingine, na wale mama visu vyao vilikuwa karibu na mikono yao. Akibaki wa Delaniwai, shati linavuliwa.

"Jibu, mpwa wangu," alisema Jiosefa, kwa ule upole wake. "Wewe ni wa wapi?"

Sera akatoa kichwa kwenye boksi, naye akasubiri.

"Wa Delaniwai, mjomba."

Mzee akamwonyesha Mereoni kwa kidole. "Basi mvulie mtani wako shati."

Vilikesa akafungua vifungo, kimoja kimoja, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino na jamaa yake. Chini ya shati alikuwa na fulana ya ndani ambayo hakutarajia ingekutana na watu. Mereoni akalivaa shati juu ya gauni lake. Lilimfika mapajani. Akakunja mikono, akamtia Sera kiunoni, akayatungua mashati ya mfano, na alipompita Vilikesa mlangoni akamwambia chini chini:

"Mama Praveena alikuja kupunguziwa blauzi. Akanisifia kampuni ya Suva, ya ghorofani. Nikamuuliza darizi yao ikoje, akanieleza mshono wangu hadi pale uzi uliponiishia nikaunga. Nilishona usiku kucha kwa ajili ya mteja wa kwanza, mtani. Leo namtafuta mwenyewe."

Akatoka.

*

Kukimbia mjini na fulana ya ndani yenye tundu si jambo gumu. Gumu ni kusalimiwa. Mlinzi wa benki, ambaye jana alimwita bosi, alimpigia filimbi. Muuza samaki alikumbuka ghafla samaki wake. Vilikesa alipofika mtaa wa stendi, Mereoni alikuwa amesimama katikati ya barabara, shati la kijani mkono mmoja, la zambarau mkono mwingine, mtoto akiwa anatafuna kola ya Meneja. Upande huu alikuwa ametoka Mama Praveena. Upande ule mzee Hardeo. Na kila mmoja alikuwa ameliona shati la mwenzake.

"Nani huyo ana herufi?" aliuliza Hardeo.

"Mtaa mmoja, roti moja," alisema Mama Praveena. "Niliambiwa kwa mdomo. Aliyeniambia yule pale."

"Mimi ndiye meneja," alisema Vilikesa akihema. "Msimpe kitu huyo mwanamke. Meneja ni mimi."

Mtaa ukamtazama, ukamtazama Mereoni, ukarudi kwake.

"Meneja wa nini, na makwapa yako nje?" aliuliza Mama Praveena.

"Huyo alikuwa kwenye majaribio," alisema Mereoni. "Hakufaulu."

"Nilijua. Meneja gani anayemaliza birika zima la chai ya watu."

Vilikesa, mtu asiyeishiwa hila, akakumbuka kwamba upanga wa utani hukata pande zote. Akaunyoosha mkono. "Mtani," alisema, na sauti yake tamu ikamrudia, "shati hilo nalitaka. Livue."

Watu wakaguna kwa kupendezwa, maana hiyo nayo ilikuwa mila. Mkono wa Mereoni ulianza kwenda kwenye kifungo, polepole. Ndipo mjomba Jiosefa, aliyekuwa amefika na kapu lake kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa na chochote, akakohoa.

"Wa wapi wewe?" alimuuliza mpwa wake.

"Mjomba, si nilisema pale..."

"Pale ulisema wewe. Hapa nasema mimi." Mzee akaugeukia umati. "Huyu ni mtoto wa dada yangu, wa Wainibeka. Kitovu chake kiko chini ya mnazi wangu. Wainibeka na Vatudamu hawana utani. Hawana hata meli ya kuwaunganisha."

"Basi yale mashati aliyachukuaje?" aliuliza mmoja wa wale mama wa mihogo, waliokuwa wamefuata na visu vyao, kwa udadisi mtupu.

"Yamerudi," alisema Mereoni haraka. "Yote yamerudi." Mkono ukatoka kwenye kifungo.

Lakini biashara bado. Hardeo alikunja mikono kifuani. "Mimi sitaki tena. Kama na yeye analo, la kwangu la nini?"

"Wala mimi," alisema Mama Praveena. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana juu ya jambo, na mtaa ulihuzunika kidogo.

Mereoni alimhamishia Sera kiuno cha pili. Nyuma ya soko mashine yake ilikuwa ikingoja, na akirudi mikono mitupu, kesho ni pindo, na keshokutwa ni pindo. Akalikunja shati la zambarau bila haraka.

"Sawa, mzee Hardeo. Sikulazimishi. Leo kwenye raga watu watavaa la Mama Praveena tu."

"Sikusema nanunua," alisema Mama Praveena.

"Na wewe sikulazimishi, mama. Basi wiki ijayo watavaa la mzee Hardeo tu."

Viazi vikaanza kuungua katika maduka yote mawili.

"Watavaa watu wangapi?" aliuliza Hardeo.

"Wote utakaowavisha, mzee."

Hardeo akawataja wapwa zake. Mama Praveena akawataja mashemeji zake. Hardeo akaongeza kundi lake lote la waimbaji wa hekaluni, pamoja na mpiga ngoma ambaye alikuwa mgonjwa. Mama Praveena, jasho likimtiririka, akamwongeza mama mkwe wake, ambaye hawakuwa wamesemeshana tangu Diwali. Hakuna aliyeuliza kampuni iko ghorofa gani. Wote walijua Mereoni yuko nyuma ya soko, mahali ambapo mtu akikosewa anaweza kwenda kwa miguu kupiga kelele, na hiyo ni dhamana kubwa kuliko ghorofa. Malipo ya awali yakaingia mfukoni, chini ya lile neno la dhahabu, hadi mfuko ukatuna, na Mereoni akaubana kwa kiganja kama mtu anayetuliza moyo. Labda alikuwa anautuliza kweli.

Vilikesa alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, kuelekea uchochoro wa kutorokea Labasa, alipohisi mkono mgumu ukitua begani mwake kwa upendo.

"Binti," mjomba Jiosefa alimwambia Mereoni, bila kuuondoa mkono, "unaandika na mambo ya magimbi?"

"Naandika chochote, mzee, alimradi nilipwe."

"Nalipa sasa hivi. Basi letu linaondoka mchana. Mgongoni weka MAGIMBI YA JIOSEFA, WAINIBEKA. Yaonekane kwa mbali, kuna watu melini wana macho mabovu."

"Na kifuani?"

"Weka kazi yake."

"Kazi yake ipi?"

Mjomba akamtazama mpwa wake, zile herufi za dhahabu alizozigusa kwa kidole zikiwa zinamng'aria kutoka kwenye kifua cha mtu mwingine. "Analima," alisema.

*

Meli ilipoiacha Natovi, Vilikesa alikuwa ameketi sitahani katika shati jipya la kahawia, kifuani limeandikwa Mkulima, viganja vyake akivitazama kama mtu anayeaga. Mama mmoja mnene mwenye mwavuli alisoma mgongo wake hadi mwisho, akazunguka, akasoma na kifua.

"Kaka, hayo magimbi yenu ni mazuri?"

Vilikesa akafungua kinywa. Hotuba nzima ilikuwa tayari, yenye udongo wa volkano, waganga wa Suva na wanandoa wazee waliokula magimbi hayo wakapata mapacha. Kando yake mjomba Jiosefa alikuwa anamenya chungwa, anasikiliza.

"Sijui, mama," alisema Vilikesa kwa uchungu. "Mimi sijawahi kulima."

"Angalau wewe unasema kweli," alisema yule mama. "Wote huapa ni mazuri. Niwekeeni mzigo mmoja safari ijayo. Hapana, miwili." Akageuka kwa mjomba wakubaliane.

Vilikesa akabaki amemkodolea macho, akiurudia mkasa mzima kichwani taratibu, kwa mshangao wa fundi mzoefu aliyegundua kumbe miaka yote hii ilikuwepo mbinu moja ambayo hakuwahi kuijaribu.